Masizi Hapigwi Pasi

Walimwita Bi Kidevu, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka thelathini na moja alisimama nyuma ya kamera katika studio ya picha za paspoti akiwaambia watu, "Kidevu juu kidogo. Kidogo, huangalii ndege. Usicheke." Wazee kwa vijana walitii. Hata mchungaji mmoja aliyekuwa na mdomo wa kukemea mkutano mzima alikaa kimya kwenye kile kiti cha duara, mikono magotini.

Studio aliachiwa na marehemu mumewe, lakini nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye alishika upande wa fotokopi na upande wa maneno. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja: shuka jeupe lililopigiliwa ukutani, kiti, kompyuta iliyonguruma ikiwashwa, kioo kidogo, na chanuo lililofungwa kwa kamba kwa sababu binadamu hawaaminiki. Katika dirisha la mbele alikaa bibi harusi wa kwenye fremu, ambaye kwa wakati huu alikwisha kuwa na wajukuu.

Sifa ya Bi Kidevu mtaani ilikuwa mkono wake kwenye kompyuta. Mwenyewe aliita kazi hiyo kupiga pasi. Chunusi, kovu, mvi, mfuko chini ya jicho, vyote vilipita chini ya pasi yake na kulainika. Watu waliingia na nyuso zao wakatoka na nyuso za binamu zao wazuri, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Basi siku moja akaja Kamanda. Huyu alikuwa mkufunzi wa mbwa wa kampuni ya ulinzi iliyokuwa mwisho wa barabara, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Hilo la ukamanda alipewa na vijana wa kazini kwa utani, likaganda. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi.

"Bi Kidevu, nina mbwa saba wamestaafishwa," alisema. "Meneja amesema asiyepata mtu wa kumchukua hadi mwisho wa mwezi, daktari wa mifugo anakuja na sindano. Nataka picha tubandike, tutume kwenye simu. Meneja kasema za paspoti zinatosha."

Tuseme ukweli, Bi Kidevu hakuwa mpenzi wa mbwa. Aliwahi kukimbizwa na mmoja akiwa msichana, na tangu hapo kila mmoja alikwenda njia yake. Lakini lile neno "zinatosha" lilimchoma. Miaka yote hiyo hajapiga picha ya kutosha tu, aanze leo kwa kuambiwa na meneja?

"Nitakuja kesho," akasema. "Waogeshe."

Akaenda na shuka lake jeupe. Akalitundika kwenye uzio wa waya, na Kamanda akawakalisha mbwa mmoja mmoja kwa amri, migongo imenyooka, wakitazama mbele. Kazi ikaisha kwa saa moja. Picha zilikuwa safi, mwanga sawa, masikio yote ndani ya fremu, na kila mbwa alionekana kama anatafutwa na polisi. Zikabandikwa dukani, kwenye vituo, kwenye nguzo. Wiki nzima ilipita. Simu ilipigwa moja tu, na aliyepiga alitaka kujua mbwa hao wamemng'ata nani.

Bi Kidevu alikwenda uwanjani kwa kampuni kuulizia, naye amekunja uso, maana kazi yake ilikuwa haijawahi kukataliwa na mtaa mzima kwa pamoja. Alimkuta Kamanda anawafungulia. Wa kwanza kutoka alikuwa Masizi, jike jeusi tititi, miaka minane, mvi zimeanza mdomoni, sikio la kushoto limebaki nusu baada ya nusu nyingine kubaki kwenye seng'enge siku alipomfukuza mwizi. Kamanda alirusha mpira uliopasuka. Masizi akaondoka.

Sasa hapo ndipo yule mama aliyekuja na hasira zake aliposahau alichojia. Mbwa alikwenda kwa miguu yote minne hewani, ulimi umepeperukia begani, vumbi likimfuata nyuma, akageuka kabla mpira haujatua na kuudaka kwa kujirusha ubavu. Kisha akaurudisha na kuudondosha, si kwa Kamanda, bali kwenye kiatu cha Bi Kidevu, akamtazama kama mwenye duka anayesubiri mteja aamue. Bi Kidevu alijikuta anacheka peke yake.

"Mbona hukuniambia kwamba wanafanya hivi?" alimuuliza Kamanda.

"Uliniambia niwakalishe."

Kuanzia siku hiyo akawa anafunga upande wake wa studio saa tisa na kwenda uwanjani na kamera. Mwanzoni alirudi na mikia. Mikia, nyasi, nusu ya kichwa, ukungu mtupu. Kamera iliyozoea watu wa kukaa kimya ilibidi ifundishwe haraka, na yeye naye ilimbidi afundishe magoti yake ya miaka hamsini na minane kushuka chini usawa wa mbwa, na lililo gumu zaidi, kupanda tena. Baada ya siku nne alipata mbwa mzima ndani ya fremu. Alikuwa Masizi, na katika picha alionekana kama tundu kwenye nyasi. Jeusi juu ya jeusi, hakuna jicho wala mdomo.

"Hilo si tatizo," Bi Kidevu aliiambia kompyuta. "Nyuso ngumu kuliko hii nimezinyoosha."

Na akainyoosha. Alimwangaza Masizi hadi akawa kijivu. Akamkata kutoka kwenye nyasi na kumweka juu ya weupe. Vumbi akafuta. Kichwa kilichoinama akakinyanyua, ulimi akaurudisha mdomoni, manyoya akayapiga pasi mpaka yakang'aa. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alipita siku hiyo kuleta chakula cha mchana. Binti huyu ndiye aliyekuwa akihariri picha za harusi nyumbani kwa kompyuta yake ndogo, na wateja walimpangia foleni. Bi Kidevu alimwonyesha.

"Ni safi, mama," mkwe alisema, akakusanya vyombo haraka kuliko kawaida.

Picha ikapelekwa kwa Kamanda. Kamanda aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ni nani?"

"Masizi."

Kamanda hakuwa mtu wa kuumiza wenzake, kwa hiyo aliigeuza picha huku na huku akitafuta njia ya kusema. Hakuipata. "Bi Kidevu, Masizi nimemlea tangu hajafumbua macho," alisema mwishowe. "Huyu simjui. Huyu amekaushwa."

Njia nzima ya kurudi Bi Kidevu alikuwa anasema peke yake. Alimkasirikia Kamanda, akaikasirikia kompyuta, na alipofika nyumbani akawa amempata wa kumkasirikia kweli.

"Wewe uliona," alimwambia mkwe wake. "Uliiona ile picha ukajua kwamba ni takataka, ukaniambia ni safi."

Mkwe alikuwa anakunja nguo. Aliinamisha kichwa. "Mama, na mimi nimwambie mavyaa wangu kwamba kamgeuza mbwa wa watu kuwa mdoli? Nikalale wapi?"

Mwanawe, aliyekuwa kwenye kochi, akaona ni wakati mzuri wa kwenda kununua vocha.

Bi Kidevu alikaa. Hasira ilimpanda, kisha ikashuka, maana binti alikuwa na hoja. "Haya," akasema. "Tufanye hivi. Kompyuta ikiwashwa, mimi si mama mkwe. Mimi ni mwanafunzi, na mjinga. Unaniambia kila kitu. Ikizimwa, heshima inarudi mahali pake."

"Kila kitu, mama?"

"Kila kitu. Na ukinificha nitajua."

Hakujua alichoomba. Siku ya kwanza ya masomo, pale studio mchana, mkwe aliwasha kompyuta, akavuta pumzi, na yote aliyoyanyamazia kwa miaka mitatu ya ndoa yakapata njia.

"Acha hiyo pasi."

"Nalainisha tu kidogo hapa..."

"Acha! Manyoya ndiyo mbwa mwenyewe. Ukiyalainisha umebaki na nini? Sabuni."

Akamfundisha kufungua giza polepole, si kwa kumwagia picha nzima mwanga bali kwa kugusa vivuli peke yake, hadi ndani ya weusi wa Masizi zikatokea rangi ambazo Bi Kidevu hakujua zipo: bluu mgongoni, hudhurungi kwenye mapaja. Akamfundisha kunoa macho tu na kuacha mkia uwe na ukungu, kwa sababu ukungu wa mkia ndio mwendo. Akamfundisha kuondoa ukijani ambao nyasi zilirushia chini ya kidevu, na kufuta kamba ya Kamanda iliyokuwa pembeni bila kufuta nyasi pamoja nayo. Akamfundisha kukata picha na kumwachia mbwa nafasi mbele.

"Unamgonganisha na ukuta, mama. Anakimbia. Anakwenda wapi?"

"Na vumbi?"

"Vumbi linabaki. Vumbi ndilo shahidi."

Mkono wa Bi Kidevu haukukubali kirahisi. Mara tatu kwa siku ulikwenda wenyewe kwenye ile pasi, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu, na mara tatu mkwe aliupiga kofi dogo. Ndiyo, kofi. Wateja wa paspoti waliokaa wakisubiri waliona binti anampiga mavyaa wake mkono na dunia haikuisha.

Shemeji, kutoka upande wa fotokopi, hakukosa la kusema. "Shemeji, watu wamekwisha mjini? Umehamia kwa mbwa?" Na siku nyingine: "Samaki mkunje angali mbichi. Wewe ulikwisha kukauka zamani, utakunjika wapi?"

"Samaki ni wewe," Bi Kidevu alijibu bila kugeuka. "Umekaa tu umetoa macho."

Picha mpya zilipotoka, mtaa ulibadilisha sauti. Mbwa wa kahawia aliyepigwa akiruka tairi alichukuliwa siku ya pili na mwenye karakana. Wawili waliokuwa wakipigania kijiti walikwenda pamoja kwa mama mwenye shamba la kuku. Mwingine akaenda shuleni kulinda, mwingine kwa wanandoa wazee, mwingine kwa dereva wa lori aliyetaka wa kuzungumza naye njiani. Sita wakaondoka. Akabaki Masizi. Watu waliiona picha yake, wakaisifu, wakauliza miaka, wakaangalia lile sikio, wakasema watarudi.

Kamanda hakuweza kumchukua. Alipanga chumba kimoja mahali ambapo mwenye nyumba hakuruhusu hata paka. Bi Kidevu aliishi ghorofa ya tatu na mwanawe na mkwe, na mkwe alikuwa na pumu. Kifua chake kilibana kwa manyoya yaliyoganda tu kwenye gauni la mavyaa wake. Lilizungumzwa nyumbani, likazungumzwa tena, na halikuwa na mlango.

Zilipobaki siku tano, meneja wa kampuni alikuja mwenyewe studio. Alikuwa mtu nadhifu, na alizungumza akiangalia simu.

"Mama, kazi nzuri. Sasa huyu wa mwisho mtengeneze. Mrudishie sikio, zile mvi za mdomoni zitoe. Mfanye awe wa miaka mitatu hivi, atachukulika."

Maskini meneja, hakuwa ameomba jambo la ajabu. Aliomba kazi ambayo mama huyu aliifanya kila siku ya Mungu. Angekuja mwezi mmoja nyuma angelipata sikio na rangi ya kucha juu yake.

"Sifanyi," Bi Kidevu alisema.

"Huwezi?"

"Naweza kabla hujamaliza kupiga chafya. Sitaki. Huyo mbwa sikio lake liliishia kwenye seng'enge yako akilinda mali yako. Leo unataka nimfiche, kama vile yeye ndiye aliyefanya aibu?"

Meneja aliinua macho kutoka kwenye simu. "Unataka afe kwa ajili ya picha?"

Hilo lilimwingia. Tusijifanye kwamba halikumwingia. Lakini alijibu. "Nataka anayemchukua amchukue yeye. Ukipenda boga, penda na ua lake. Mtu akija kwa ajili ya masikio mawili, sikio la pili utampa wewe?"

"Kijana wa pale jirani ataniwekea kwa dakika tano," meneja akasema, akaondoka.

Na kweli, kesho yake Masizi mwenye masikio mawili akaonekana kwenye simu za watu, kijana, laini, bila mvi. Keshokutwa mume na mke walikuja uwanjani na kamba mpya kabisa mkononi. Walimtazama Masizi, wakatazama simu, wakamtazama tena. "Tumedanganywa," mke akasema. Masizi aliwaletea mpira. Waliondoka na kamba yao.

Kamanda alipomsimulia, Bi Kidevu alirudi studio, akamshusha bibi harusi dirishani, akampangusa vumbi kwa heshima na kumlaza nyuma ya kabati. Mahali pake akaweka picha ya Masizi aliyoichapa kubwa kuliko fremu yoyote aliyowahi kuuza. Miguu minne hewani, ulimi begani, mvi, nusu ya sikio, vumbi lote. Chini akaandika kwa kalamu nene: *Ana miaka minane. Hivi ndivyo alivyo.*

"Umemtoa bibi harusi, umeweka mbwa!" shemeji alipiga kelele. "Watu watasema nini?"

"Waje waniambie mimi. Nipo."

Watu walisimama, wakatazama. Wengine walicheka. Hakuna aliyeingia kuuliza.

Ikafika Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi. Saa tatu asubuhi Bi Kidevu alichukua kamera na kuelekea mlangoni.

"Na wateja wa paspoti?" shemeji aliuliza.

"Watie nyuso zao kwenye fotokopi."

Uwanjani, Kamanda alikuwa amemwogesha Masizi na kumchana, na macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu. Meneja alisimama kwenye kivuli cha ofisi akiwa na karatasi. Alipomwona Bi Kidevu anapiga goti kwenye changarawe na kuweka kamera jichoni, alikuja mbio.

"Hapa hapapigwi picha, mama."

"Uliniagiza mbwa saba. Huyu ndiye wa saba, kazi yangu haijaisha." Hakuitoa kamera jichoni. "Nitampiga akiwa mzima hivi. Nitampiga sindano inapoingia. Nitampiga akishalala. Zote tatu zitakaa dirishani kwangu, na chini yake nitaandika jina la kampuni yako kwa herufi ambazo hata kipofu atazipapasa."

"Nitaita walinzi."

"Waite. Wote niliwapiga picha za vitambulisho. Nawajua mpaka meno."

Daktari wa mifugo aliwakuta hapo, hakuna aliyerudi nyuma. Alikuwa mwanamume mwembamba, mgeni katika kazi hiyo na mwenye haraka ya kuimaliza. Alisalimia, akafungua mkoba juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachuchumaa mbele ya Masizi na kumshika shingo. Mkono ukapanda kichwani, ukafika kwenye lile sikio, ukasimama.

"Huyu mbwa namjua," alisema.

"Mbwa weusi ni wengi," meneja akasema.

"Weusi ni wengi. Sikio hili ni moja." Daktari aliligusa tena, pale manyoya yalipokatika. "Yuko dirishani, kule kwa wapiga picha. Napita kila asubuhi nikienda kazini. Jana nilisimama pale hadi nikachelewa." Alimfungua Masizi mdomo akaangalia meno, akamsikiliza moyo, akamkunja mguu mmoja mmoja. Kisha akanyoosha mkono kwa meneja bila kumtazama. "Nipe hiyo karatasi."

Akaisoma kwa sauti. "Mkongwe, mgonjwa, hatembei vizuri." Akamgeukia meneja. "Nani kaandika haya?"

Bi Kidevu alibonyeza kamera mara moja, na mlio wake ukasikika uwanja mzima.

"Mbwa anayekimbia vile simdungi," daktari alisema, akafunga mkoba.

"Nitaita daktari mwingine," meneja akasema.

"Mwite." Daktari alitoa kalamu, akapiga mstari juu ya yale maneno, akaandika *mzima* na kutia sahihi. Akaielekezea karatasi kwenye kamera, na Bi Kidevu akaipiga, herufi kwa herufi. "Lakini hatamkuta. Zahanati yangu ina ua mkubwa na geti ambalo kila mtu analifungua apendavyo; nahitaji mlinzi. Naondoka naye."

Meneja alitazama karatasi, akatazama kamera, akarudi ofisini kwake na kufunga mlango.

Bi Kidevu alikaa chini kwenye changarawe akilia kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Kamanda alimfunga Masizi kamba. Alimkabidhi daktari ncha ya kamba hiyo, lakini vidole vyake vikachelewa kuachia.

"Ukimfungulia atakimbia," alimwambia. "Usimwite mara moja. Mwache amalize."

Daktari akasema amesikia.